Karani akienda likizo ndipo utajua nani huendesha ofisi

TUSEME wewe na marafiki wawili mmesajili kampuni ya kuuza na kutengeneza kompyuta. Mmekodi chumba kimoja orofa ya tatu pale mjini, mna meza tatu, printa inayokwama kila siku ya mvua, na cheti cha AGPO, ule mpango unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Mmeona zabuni ya kaunti moja. Bei yenu iko chini na kazi mnaijua. Inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi.

Alhamisi usiku ndipo mnagundua cheti cha utiifu wa ushuru kutoka KRA kiliisha wiki mbili zilizopita. Hudumu kwa miezi 12 tu, na kila mmoja wenu alidhani mwenzake anahesabu. CR12, ile stakabadhi inayoonyesha wenye hisa na wakurugenzi wa kampuni, iko kwenye baruapepe ya jamaa aliyezima simu. Leseni ya kaunti mliipiga picha, lakini simu yenyewe iliibwa matatuni Machi. Ijumaa saa tatu na nusu bado mko saiba mnachapisha. Boda inapita katikati ya magari kama kichaa, mnafika saa nne na dakika tano.

Hapo hakuna kubembeleza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inasema zabuni iliyochelewa irudishwe bila kufunguliwa. Hata mngewahi, kuna mtego mwingine: sheria hiyo hiyo inamtaka mwombaji aweke nambari kwa mfuatano kwenye kila ukurasa wa stakabadhi zake. Ukiruka ukurasa mmoja kati ya 80, mtu anaweza kukutoa hatua ya kwanza kabisa, kabla bei yako nzuri haijasomwa na yeyote. Kesi za nambari za kurasa zimefika hadi kwa bodi inayokagua malalamishi ya zabuni, na walioenda huko si vijana wa chumba kimoja peke yao. Ni pamoja na kampuni zenye mawakili.

Sasa nikuulize. Kwenye kampuni yenu, ni kazi ya nani kujua cheti kinaisha lini?

Ingia ofisi ya wakili mjini Nairobi au kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, zile za zamani zenye makabati ya chuma, na swali hilo litajibiwa kabla ulimalize. Utaelekezwa kwa mama fulani mwenye miwani, aliyekaa pale tangu wewe ukiwa nasari. Ana ile mashine ndogo ya mkono ya kupiga nambari, ko, ko, ko, ukurasa baada ya ukurasa. Siku moja kabla ya zabuni kufungwa hutuma mtu akaangalie sanduku la zabuni liko orofa gani na lango gani hufunguliwa mapema. Nakala halisi anaiweka bahasha yake, nakala ya pili bahasha yake. Ofisini hakuna anayemwita mtaalamu wa zabuni. Kwenye orodha ya mishahara ni karani tu, na mara nyingi jina lake liko karibu na mwisho wa karatasi.

Shuleni kwenye Kiswahili tulikariri majina ya kazi: mhazili, karani, tarishi. Mtaani ni sekretari, admini na mesenja. Mhazili wa enzi za wazazi wetu alikuwa mtu na heshima zake. Alisomea hati mkato, akafanya mitihani ya kupiga taipu kwa kasi ya maneno mengi kwa dakika, na bosi hangeweza kutoa barua bila yeye. Kompyuta ilipoingia kila bosi akajiandikia barua yake, na wengi wakadhani kazi imeisha. Kilichoisha ni kupiga taipu. Kujua nini kiko wapi, nani anadaiwa, tarehe gani inakaribia na nani asikosewe kwenye simu, yote hayo yalibaki. Heshima ndiyo iliyoshuka, na mshahara ukaifuata.

Hebu tuangalie mwezi mmoja tu wa kampuni ndogo. Kufikia tarehe 9, PAYE ya mwezi uliopita iwe imeingia KRA. Kuna makato ya SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wa kila mtu. Kuna ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na nyingine 1.5 kutoka kwa mwajiri. Kuna NSSF. Kama mmesajiliwa kwa VAT, kuna tarehe 20. Ukichelewesha ripoti ya PAYE, faini ni asilimia 25 ya ushuru unaodaiwa au Sh10,000, chochote kilicho kikubwa. Kwa watu watatu wenye mishahara midogo ni hiyo elfu kumi, na mkilala mwezi unaofuata inakuja tena. Hakuna kati yenu aliyeanzisha kampuni ili akumbuke tarehe 9. Ndiyo maana anahitajika mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, anayelipwa kwa kazi hiyo, na ambaye mkimkumbusha kwamba leo ni tarehe 7 atawacheka kwa sababu alimaliza tarehe 4.

Wacha tuingie kwenye fujo yenyewe. Fungua laptopu yako sasa hivi. Naamini kuna faili inaitwa “final”, nyingine “final2”, na nyingine “final ya ukweli”. Mwenzako naye ana “final” yake kwenye WhatsApp, na mteja alitumiwa ya nne. Makarani waliotangulia walilitatua jambo hili kitambo kwa kanuni moja: jina la faili lianze na tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, halafu mteja, halafu aina ya stakabadhi. 2025-03-14, jina la mteja, ankara. Kompyuta itazipanga yenyewe, na miaka miwili baadaye mtu ambaye hakuwepo ataipata kwa sekunde kumi. Si lazima iwe kanuni hiyo. Lazima iwe moja, na yule mtu wa ofisi awe na mamlaka ya kukurudishia faili yako akisema “hii jina lake si hivi, bosi”.

Halafu kuna suala la akaunti, na hapa ndipo kampuni nyingi za vijana huumia vibaya. Akaunti ya KRA ilifunguliwa kwa baruapepe ya mhasibu wa muda. eCitizen imeunganishwa na nambari ya simu ya mwenzenu aliyehamia Qatar. Ukurasa wa Facebook uko mikononi mwa mpenzi wa zamani wa mtu. Siku mnahitaji kuingia, nambari ya siri inatumwa kwa simu isiyojibu. Fungueni baruapepe moja ya ofisi na laini moja ya simu ya ofisi, kila kitu kisajiliwe kwa hizo pale inapowezekana, na paswadi zikae mahali ambapo watu wawili wanazijua. Watu wawili, si kumi.

Karatasi nazo usizidharau eti kila kitu kiko mtandaoni. Sheria ya ushuru inakutaka uweke rekodi zako miaka mitano. Chukua ile risiti uliyopewa ukinunua wino wa printa, zile karatasi laini zinazochapwa kwa joto, iache kwenye dashibodi ya gari wiki mbili, kisha nionyeshe kilichobaki. Itakuwa nyeupe. Karani mzuri huipiga fotokopi siku hiyo hiyo na kuziambatisha pamoja. Tena tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA unapopunguza matumizi kutoka kwa mapato yako, kwa hivyo yule mesenja aliyetumwa kununua wino anafaa kuambiwa mapema aitishe ankara ya aina gani. Mara nyingi hatuambii. Tunampa pesa, tunamwambia “harakisha”, kisha tunamlaumu jioni.

Masjala za serikali zilikuwa na ujanja mmoja ambao ningependa kila ofisi iuibe. Faili ikitolewa kabatini, pengo lake linawekewa kadi: nani ameichukua, tarehe gani. Basi. Ukiikosa, kadi inakuambia ukamsumbue nani. Ujanja huo ulipopuuzwa ndipo Mkenya akazoea kuambiwa “faili imepotea”, maneno mawili yaliyowahi kumtoa mtu machozi kwenye ofisi za ardhi na kwenye korti. Mahakama za Nairobi zilianza kupokea kesi kwa mtandao Julai 2020, na mfumo wa Ardhisasa ukazinduliwa Nairobi Aprili 2021. Ni hatua nzuri, sibishi. Lakini kabla ya karatasi kupigwa picha na mashine, kuna binadamu aliyekaa sakafuni akizipanga, akitoa vibanio vyenye kutu, akiunganisha ukurasa wa tatu na wa nne uliokuwa faili nyingine. Ukipiga picha fujo, unapata fujo ya mtandaoni.

Pesa ndogo za ofisi ni mahali pengine pa kutazama, na si kwa sababu ya hesabu peke yake. Ofisi nyingi huweka elfu kadhaa za chai, nauli na maji. Zikipotea, wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni mesenja au mama wa chai. Kuna njia ya kuwalinda. Sema kisanduku kina Sh10,000. Kila pesa inapotoka, vocha inaingia, imetiwa sahihi na aliyechukua, hata kama aliyechukua ni mkurugenzi. Wakati wowote ukifungua, pesa zilizobaki ukijumlisha na vocha lazima zifike 10,000. Zikipungua kisanduku kinajazwa upya kwa kiasi kile kile cha vocha. Ukitumia M-Pesa ya ofisi ni hivyo hivyo, ila ujumbe wa M-Pesa haukuambii pesa zilikuwa za nini. Bosi anayechukua elfu mbili za lanchi na kusema “nitaandika baadaye” ndiye anayemtia karani wake kwenye shida, na si rahisi karani kumwambia. Mwambieni mapema kwamba anaruhusiwa kukataa.

Ukweli ni kwamba hili la kukataa ndilo gumu zaidi kwetu. Tunataka ofisi iwe safi lakini hatutaki aliyepewa kazi ya kuisafisha awe na sauti. Kijana ametoka chuo kikuu na digrii yake, mwezi wa kwanza kazini, anamtuma mama wa umri wa mamake amletee chai bila “tafadhali”, bila hata kuinua macho kutoka kwa simu. Akihitaji barua ya utambulisho ya benki saa kumi na moja jioni ndipo anakumbuka kusema “shikamoo mathe”. Mathe naye si mjinga. Atakuandikia barua. Ila wa kwanza kuandikiwa atakuwa yule kijana wa mauzo anayemsalimia kila asubuhi na kumuuliza mguu unaendeleaje.

Halafu kuna zile kazi za pembeni. Kumchukulia bosi nguo kwa dobi, kumlipia karo ya mtoto, kupanga foleni ya benki kwa akaunti yake binafsi. Kila moja inachukua nusu saa na hakuna inayoandikwa popote. Mwisho wa mwaka, kwenye mahojiano ya kupima utendakazi, anaambiwa faili za Oktoba hazikupangwa. Zingepangwa saa ngapi?

Kuhusu sheria, wengi wanaosaidia ofisini wameajiriwa kama vibarua wa milele. Mama wa chai analipwa kwa siku, mesenja “kwa makubaliano”. Sheria ya Ajira ya 2007 haikubaliani na mchezo huo. Kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi yenyewe kwa makadirio isingeweza kuisha chini ya miezi mitatu, kisheria anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na haki zinafuata. Kandarasi ya miezi mitatu au zaidi inafaa kuwa kwa maandishi. Baada ya miezi 12 ya kazi, mtu ana haki ya likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, na mshahara wote. Hizi si fadhila za Krismasi. Na kama kampuni ina watu 20 kwenda juu, inatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu dhuluma za kimapenzi. Nalitaja hili kwa sababu msichana wa mapokezi ndiye hukutana na kila mgeni, kila mteja mwenye mkono mrefu, na mara nyingi huambiwa avumilie kwa kuwa huyo ni mteja mkubwa.

Kisha Aprili inafika, kuna keki. Siku ya makatibu huangukia Jumatano ya wiki ya mwisho kamili ya Aprili. Ilianza Marekani, ambako wiki ya kwanza ya makatibu iliadhimishwa 1952. Huku kwetu ofisi hutoa maua, kadi, pengine lanchi ya hotelini. Sina neno na keki, mimi mwenyewe hula. Ila kama tangu mwaka juzi mshahara wake haujasonga na wa kila mtu umesonga, hayo maua anayaona vizuri sana ni ya nini. Ongezeni hata kidogo, mumlipie kozi anayoitaka, au muandike jina lake kwenye ripoti ya ile zabuni mliyoshinda. Hili la mwisho halina gharama na bado hakuna anayelifanya.

Na kama wewe ndiye uliyekaa kwenye hilo dawati? Pengine una diploma ya uhusiano mwema, umetembeza CV miaka miwili, ukapata kazi ya mapokezi, na ukikutana na wenzako wa chuo unasema “niko tu mahali najishikilia”. Anza kuandika unachofanya. Si kwa maringo, kwa ushahidi. Umeshughulikia zabuni ngapi, umeokoa faini gani kwa kukumbusha mapema, mfumo wa faili ulioukuta ulikuwaje na sasa ukoje. “Nilipanga rekodi za wateja 300 na kuweka kalenda ya stakabadhi zote za kampuni” ni sentensi inayosomeka kwenye CV. “Majukumu ya ofisi kwa jumla” haisomeki. Soma kidogo kuhusu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia, maana kitabu cha wageni chenye nambari za vitambulisho na simu kinakaa mbele yako, wazi, na kila mgeni anaweza kusoma ya aliyemtangulia. Ukimwelekeza bosi wako hapo kabla hajaelekezwa na mtu mwingine, atajua amekaa na nani. Na ukiondoka, itisha cheti cha kuonyesha ulifanya kazi hapo. Sheria ya Ajira inakupa haki hiyo, hata kama mmeachana vibaya.

Narudi kwako mwenye kampuni, au wewe uliyeajiriwa juzi na unamwona karani kama fanicha. Kuna jaribio moja la bure. Mpeni huyo mtu wiki mbili za likizo yake mfululizo, simu ya kazi aiache kwenye droo. Siku ya kwanza mtataka kumpigia kabla ya saa nne asubuhi: ufunguo wa kabati uko wapi, fundi wa printa ni nani, yule mteja wa Thika hulipa kwa hundi au kwa benki. Msipige. Nunueni daftari la kurasa 96, liwekeni mezani pake, na kila swali mlilotaka kumuuliza liandikwe humo, na tarehe, na jina la aliyekwama.

Akirudi, keti naye nusu siku na mjibu maswali hayo moja baada ya jingine. Majibu yakishaandikwa, hata akiugua ofisi haitasimama. Halafu mwachie daftari lenyewe. Mkutano wa kujadili mishahara ukifika, aje nalo.